KUSI, KASKAZI NA UKIJANI WA BAHARI

Mkulima wa bara akitaka kujua kama mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa, hutazama mawingu, kisha hutazama rangi ya shamba lake. Mvuvi wa Lamu, Malindi, Gazi au Vanga naye hutazama upepo, kisha hutazama rangi ya maji. Watu wengi wasiozoea pwani hudhani ya kuwa bahari ni moja siku zote, ni maji ya chumvi tu, na samaki wamo ndani yake kama mawe yalivyo mtoni. Kazi ni kwenda kuwachukua. Sivyo. Bahari nayo ina malisho yake. Ina miezi ya majani na miezi ya ukame, na mwenye kuyaotesha malisho hayo na kuyanyausha, katika bahari hii yetu ya Hindi, ni upepo.

Wavuvi wetu wamelijua jambo hili tangu zamani bila ya kuandikiwa na mtu. Kaskazi kwao ni msimu wa samaki, na kusi ni msimu wa kushona nyavu na kukopa dukani. Kwa mwenye ngalawa au mtumbwi, sababu ya kwanza ni mawimbi: mwezi wa Juni na Julai hawezi kuuvuka mwamba akatoka nje, naye akithubutu hujitia hatarini. Lakini mawimbi si sababu pekee. Chini ya mawimbi iko sababu nyingine, nayo ndiyo tutakayoieleza katika somo hili, kwa maana yawahusu hata wale ambao hawajapata kuiona bahari. Anayenunua kipande cha nguru sokoni hulipa bei ambayo kwa sehemu imepangwa na upepo uliovuma mbali naye, majuma mengi yaliyopita.

MAJANI YASIYOONEKANA

Kila jani la kijani, liwe la mhindi, la mgomba au la mwembe, lina ndani yake rangi iitwayo klorofili. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga rangi hiyo mwaka 1817, na jina lenyewe latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kijani na jani. Kazi yake ni kunasa nuru ya jua. Na kwa nguvu ya nuru hiyo mmea huunda chakula chake kwa maji na hewa ya kaboni. Kiumbe asiye na klorofili hana budi kumla aliye nayo, au kumla yule aliyekwisha kumla aliye nayo. Ng'ombe hula majani, simba humla ng'ombe. Simba hali majani, lakini majani yakikauka simba naye hufa.

Baharini ni vivyo hivyo, ila majani yenyewe huyaoni. Ule mwani utupwao ufukoni, na yale majani marefu ya baharini wanayoyala kasa, ni sehemu ndogo tu ya malisho ya bahari. Malisho makubwa ni vimea vidogo mno, vya chembe moja moja, vinavyoelea katika maji ya juu na kuchukuliwa na mkondo. Ukichota maji kwa kata huvioni, yahitaji hadubini. Wataalamu huviita fitoplanktoni. Sisi katika somo hili tutaviita vimea vya maji. Usividharau kwa udogo wao. Yakadiriwa ya kuwa karibu nusu ya kazi yote ya kunasa nuru inayofanywa na mimea duniani, misitu na mashamba yote yakiwa pamoja, hufanywa na vimea hivi.

Jambo moja la kushika ni haraka yao. Mahindi hungojewa miezi mitatu au minne. Vimea vya maji vyaweza kugawanyika na kuwa mara mbili katika siku moja au mbili, kisha vikaliwa au vikafa kabla ya juma kwisha. Kwa hiyo bahari haiweki akiba ghalani. Mbolea ikija, majani huota upesi. Mbolea ikikatika, hutoweka upesi vile vile.

Kwa kuwa kuvihesabu kimoja kimoja ni kazi isiyokwisha, wataalamu hupima klorofili yao. Huchuja maji, huitoa ile rangi, na kusema kuna miligramu ngapi katika meta moja ya ujazo, yaani katika lita 1,000 za maji. Katika bahari kuu ya nchi za joto, mahali palipo maji ya buluu safi, hupatikana kama sehemu moja ya kumi ya miligramu. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia ya uzito wa punje moja ya mchele, katika lita 1,000! Maji ya buluu mazuri yale yanayosifiwa na wageni, kwa kweli ni jangwa. Mahali penye malisho mema hupatikana miligramu moja au zaidi, na katika pwani ya Somalia au ya Oman mwezi wa Agosti huweza kupatikana nyingi kuliko hizo. Maji kama hayo si mazuri kwa kupigwa picha, lakini ndiyo yenye samaki.

NURU JUU, MBOLEA CHINI

Vimea vya maji vyataka vitu viwili: nuru na mbolea. Nuru hutoka juu, na hata katika maji safi sana hupungua kabisa ifikapo kina cha pima 50 hivi, kama meta 90. Mbolea, yaani naitrojeni, fosforasi na madini mengineyo, iko chini. Sababu yake ni rahisi. Kila kinachokufa baharini, na kila kinyesi cha kila kiumbe, huzama. Nacho huoza huko gizani, mbolea yake ikabaki huko.

Hapo pana shida, kwa kuwa maji ya juu yana joto, na maji ya joto ni mepesi. Huelea juu ya maji ya baridi kama samli ieleavyo juu ya mchuzi, wala hayachanganyiki kwa hiari yao. Ni sawa na mtu mwenye nyumba yenye ghala chini ya sakafu: ghala limejaa, na watoto juu wana njaa, kwa kuwa mfuniko umefungwa. Kadiri jua linavyozidi kuyapasha moto maji ya juu, ndivyo mfuniko unavyozidi kuwa mgumu.

Upepo ndio ufunguao mfuniko huo, nao hufanya hivyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukoroga, kama mwiko katika sufuria. Ya pili ni ya ajabu zaidi, nayo tutaieleza kwa urefu.

Mnorwe Fridtjof Nansen, aliyesafiri katika bahari ya barafu ya kaskazini kwa meli yake Fram kati ya mwaka 1893 na 1896, aliona ya kuwa barafu haichukuliwi na upepo moja kwa moja mbele. Huenda kwa upande wa kuume. Mswidi Vagn Walfrid Ekman alifanya hesabu ya jambo hilo na kuitangaza mwaka 1905. Alionyesha ya kuwa, kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yakisukumwa na upepo hayafuati upepo, bali yakichukuliwa yote pamoja huenda upande wa kuume wa upepo katika nusu ya kaskazini ya dunia, na upande wa kushoto katika nusu ya kusini. Wewe ukisimama mgongo wako ukiuelekea upepo, mkono wa kuume wako ndio uonyeshao maji yaendako, kama uko kaskazini ya Ikweta. Ukiwa kusini ya Ikweta, tazama mkono wa kushoto.

Sasa chukua ramani. Ikweta huikata pwani ya Afrika ya Mashariki karibu na Kismayu, kaskazini kidogo ya mji huo. Pwani yote ya Kenya na ya Tanzania iko kusini ya mstari. Karibu pwani yote ya Somalia iko kaskazini yake. Nao upepo wa kusi huipiga pwani hiyo yote, ukielekea kaskazini. Je, utafanya kazi moja pande zote mbili?

UPEPO MMOJA, KAZI MBILI

Kusi huanza mwezi wa Aprili au Mei, hupata nguvu mwezi wa Juni hata Agosti, kisha hulegea wakati wa demani. Sababu yake iko mbali: bara la Asia hupata joto kali, hewa ya huko hupanda, na hewa ya bahari hukimbilia kujaza nafasi yake. Sehemu kubwa ya upepo huo hupita juu ya nchi yetu wenyewe. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mwaka 1969 jinsi mkondo mkuu wa upepo huo unavyotoka upande wa Bukini, ukapita juu ya nyika ya mashariki ya Kenya, ukatokea Somalia na kuvuka bahari hata India. Mvua za India hutegemea upepo huo.

Ufikapo Somalia, upepo huo huvuma sambamba na pwani kuelekea kaskazini-mashariki. Huko ni kaskazini ya Ikweta. Basi maji ya juu huenda kuume, yaani hutoka pwani kwenda bahari kuu. Maji yakiondolewa pwani, hapana budi mengine yaje mahali pake, na hayana mlango wa kujia ila chini. Hivyo maji ya baridi, yaliyojaa mbolea, hupanda juu kwenye nuru. Karibu na Ras Hafun joto la maji ya juu hushuka chini ya digrii 20, jambo la kustaajabisha katika nchi kama ile ambapo mchanga wa pwani huunguza nyayo. Vimea huota, bahari hugeuka kijani, na duara kubwa la maji, lenye upana wa mamia ya kilometa, huizungusha rangi hiyo na kuipeleka mbali nje. Wadogo wa bahari huja kula. Dagaa hufuata wadogo. Jodari hufuata dagaa. Ndiyo maana meli kubwa za kuvua jodari hukusanyika katika bahari ya Somalia tangu mwezi wa Agosti hata Novemba.

Pwani ya Oman hupata neema iyo hiyo kwa sababu iyo hiyo. Katika nchi ya Dhofar, upande wa Salalah, baridi ya maji yale huleta ukungu na manyunyu juu ya milima iliyo karibu na bahari, majani yakaota katikati ya Uarabuni, wakati uitwao kharifu. Na dagaa wa huko ni wengi hata wenyeji wamezoea kuwaanika na kuwalisha ngamia.

Turudi kwetu. Kusi yule yule, akivuma kuelekea kaskazini mbele ya Mombasa, huyasukuma maji upande wa kushoto, maana sisi tuko kusini ya Ikweta. Kushoto ni wapi? Ni pwani. Maji ya juu, ya joto, hurundikana juu ya pwani yetu na kuyakandamiza maji ya mbolea yashuke chini zaidi. Mfuniko, badala ya kufunguliwa, hukaliwa juu yake. Tena mkondo wa pwani wakati huo hukimbia kwenda kaskazini kwa kasi ifikayo karibu maili nne za baharini kwa saa, ukichukua kila kieleacho. Ni kweli kusi hukoroga, na maji hupoa hata digrii 25 hivi mwezi wa Agosti. Lakini vimea vilivyokorogwa mno huzamishwa gizani kabla ya kula nuru ya kutosha. Kwa hiyo upepo uleule umpao Msomali malisho, humfungia mvuvi wetu ghala.

Kaskazi ikija, toka Desemba hata Machi, mambo hugeuka. Upepo huo hutoka kaskazini-mashariki. Kwa Somalia ni zamu ya kukandamizwa. Kwetu maji ya juu husukumwa kwenda nje, ijapokuwa kwa nguvu ndogo, kwa sababu upepo wenyewe ni mwanana, na tena tu karibu mno na Ikweta, mahali ambapo kani ile ya mzunguko wa dunia ni dhaifu. Lakini lipo jambo jingine litusaidialo. Mkondo wa Somalia wakati huo hugeuka na kushuka kusini. Mkondo wetu, uliokwisha kupungua kasi, hukutana nao mbele ya pwani iliyo kati ya Malindi na mpaka wa Somalia, na yote miwili hugeuka pamoja kwenda mashariki, katika bahari kuu. Mahali penyewe pana bahati: mbele ya ghuba ya Ungwana na mlango wa mto Tana, sakafu ya bahari ni pana, huenda nje kama kilometa 60, hali sehemu nyingine za pwani yetu ni kilometa chache tu kisha shimo. Maji ya chini yapandapo kwenye ukingo wa sakafu ile, mbolea hupata nuru. Sulisuli wanaovuliwa Malindi na Watamu miezi ile ya mwisho na mwanzo wa mwaka hawaji kwa bahati nasibu, hufuata chakula.

Hata hivyo msomaji asichukue kanuni moja akaipiga kila mahali, maana hilo ndilo kosa la watu wengi wanaoandika juu ya bahari. Katika mlango wa Pemba, picha zaonyesha ukijani kuzidi mara nyingi wakati wa kusi, si wa kaskazi, kwa kuwa huko visiwa na mikondo vina mambo yao. Na karibu na milango ya mito, mvua ya masika huleta mbolea ya bara pamoja na udongo wa mashamba yetu. Kila mwenyeji wa Malindi ajua ya kuwa maji mekundu ya mto Sabaki hupelekwa kaskazini wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi huilalia ghuba ya mji. Udongo ule si malisho. Huzuia nuru na kufukia matumbawe, nao ni hasara mara mbili: kwa mkulima aliyepoteza shamba na kwa mvuvi aliyepoteza mwamba.

Upande wa juu kabisa wa bahari ya Arabuni, kuelekea Pakistani, kaskazi hufungua mfuniko kwa njia nyingine. Upepo wa huko ni mkavu na wa baridi. Huyapoza maji ya juu hata yakawa mazito, yakazama yenyewe, na ya chini yakapanda. Kwa hiyo bahari ya Arabuni hupata misimu miwili ya ukijani, mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi, kama shamba la Murang'a lipatavyo mvua ndefu na mvua fupi.

Wasomaji wa Kisumu, Homa Bay na Mwanza watauliza kama ziwa lao nalo lina desturi hiyo. Linayo. Ziwa Victoria hulala tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu wa mwaka, kisha pepo za kusini za miezi ya Juni na Julai hulipoza na kulikoroga mpaka chini, mbolea ikapanda. J. F. Talling alizieleza zamu hizo kwa vipimo mwaka 1966.

JINSI YA KUUONA UKIJANI KUTOKA MBALI

Zamani hapakuwa na njia ila kwenda na meli na chupa. Huko Unguja, katika miaka ya 1950, shirika la Afrika ya Mashariki la utafiti wa uvuvi wa bahari lilianza kupima joto, chumvi na mikondo ya maji yetu, na mtaalamu wake B. S. Newell alitoa taarifa mwaka 1957 na mwaka 1959. Kisha mataifa mengi yakaungana katika safari kuu ya kuichunguza bahari ya Hindi, iliyokwisha mwaka 1965. Meli Discovery ya Uingereza na Meteor ya Ujerumani zilikuwa miongoni mwao, na mkondo wa Somalia ulipimwa kusi ikiwa katika nguvu zake. Siku hizi Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina meli yake iitwayo Mtafiti.

Lakini meli huona mahali ilipo tu. Mwaka 1978 Wamarekani walirusha setilaiti Nimbus-7 yenye chombo cha kutazama rangi ya bahari, nacho kilifanya kazi hata mwaka 1986. Baada ya ukimya wa miaka kumi na moja kikaja chombo SeaWiFS, toka 1997 hata 2010, na vingine baada yake. Mmoja wa wapya, PACE, ulirushwa Februari 2024. Akili ya vyombo hivi si ngumu kuifahamu. Klorofili hula nuru ya buluu na nyekundu, na kuiacha ya kijani. Basi chombo hulinganisha buluu na kijani zitokazo majini: buluu ikipungua, vimea vimezidi.

Chombo hicho chaweza kudanganyika kwa njia kadhaa. Mawingu ya kusi huifunika bahari ya Somalia miezi ile ile ambayo twataka sana kuiona. Udongo wa Sabaki na wa Tana humfanya mtazamaji adhani kuna malisho. Tena setilaiti huona maji ya juu tu, hali katika maji safi ya nchi za joto vimea vingi hukaa chini, kwenye mpaka wa nuru na mbolea, huko pima 30 au 40. Na kimea kikiwa gizani hujiongezea klorofili ili kinase nuru kidogo iliyopo, kama mtu afunguavyo macho sana usiku. Kwa hiyo klorofili zaidi si lazima iwe vimea zaidi.

Pamoja na hayo, faida yake ni kubwa. Huko India ofisi ya serikali iliyoko Hyderabad huwapelekea wavuvi habari za mahali panapofaa kuvua, kwa kutumia joto la maji na klorofili. Jodari huwinda kwa macho, hapendi maji mazito. Hungoja mpakani, mahali maji ya buluu yakutanapo na ya kijani. Mvuvi ajuaye mpaka huo uko wapi huokoa mafuta ya injini, na mafuta ndiyo yanayokula faida ya wavuvi wengi.

UKIJANI WENYE SUMU

Tusije tukadhani kila ukijani ni baraka. Viko vimea vyenye sumu, na viko vingine ambavyo vikiwa vingi mno hufa kwa pamoja, na katika kuoza hula oksijeni yote ya maji hata samaki wakakosa pumzi. Katika bahari ya Arabuni, chini ya maji yenye rutuba, liko tabaka kubwa lisilo na oksijeni ya kutosha, kuanzia kama meta 150 hata karibu meta 1,000. Ni malipo ya neema ile ya juu.

Mwanzoni mwa mwaka 2002, samaki wengi walikufa na kutupwa ufukoni katika pwani ya Somalia hata Kiunga, katika nchi yetu, baada ya maji kujaa vimea vya aina mbaya. Huko Oman, mwaka 2008 na 2009, maji mekundu ya namna hiyo yaliua samaki na kusimamisha mitambo inayotoa chumvi katika maji ya kunywa. Basi mtu wa pwani akiona samaki wengi, wa aina mbalimbali, wametupwa pamoja bila ya jeraha la wavu, na maji yamegeuka rangi au yananuka, asiokote hata mmoja, wala asimpe mbwa wala kuku. Asile chaza wala kome wa mahali pale, kwa kuwa hao huchuja maji na kuikusanya sumu ndani yao. Na kupika hakuondoi sumu zote. Apeleke habari upesi kwa afisa wa uvuvi, achukue na chupa ya maji yale ikiwa safi na yenye kifuniko. Kwa mwenye watoto wenye njaa, kupita mbele ya lundo la samaki bila ya kuinama ni jambo gumu sana. Hata hivyo hapana budi.

MIAKA ISIYOFANANA

Kusi na kaskazi huja kila mwaka, lakini hazina nguvu sawa kila mwaka. Mwisho wa mwaka 1997 pepo za bahari ya Hindi ziligeuka kwa namna ya ajabu. Maji ya joto yalikusanyika upande wetu, mvua kubwa zikaivunja Kenya madaraja na barabara. Na upande wa pili, pwani ya Sumatra, ambako maji kwa kawaida ni ya joto na maskini, maji ya baridi yalipanda na bahari ikawa kijani. Mwaka uliofuata, 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa kwa joto.

Liko na swali zito kuliko la mwaka mmoja. Bahari ya Hindi ya magharibi imezidi kupata joto kwa miaka mingi, na tumekwisha kuona ya kuwa joto huukaza mfuniko. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya kuwa vimea vya sehemu hii vimepungua hata kufikia asilimia 20 katika miaka 60. Hesabu hiyo yataka kusomwa kwa uangalifu, maana setilaiti hazina umri wa miaka 60, na sehemu yake imefanywa kwa mitambo ya kukadiria. Lakini wazee wa Kizingitini na Shimoni, waliokuwa wakivua kwa dema na mshipi kabla ya setilaiti yoyote, nao wasema samaki wamepungua. Wengine watajibu ya kuwa ni wavuvi walioongezeka na nyavu zenye macho madogo. Yaelekea sababu zote mbili zipo, na kuzitenganisha kwataka vipimo vya kila mwezi, kwa miaka mingi, mahali pale pale.

KIPIMO CHA SHULE

Vipimo vya namna hiyo havihitaji fedha nyingi. Mwaka 1865 padri wa Kiitalia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kutoka meli ya Papa ili apime jinsi maji yalivyo maangavu, na mpaka leo wataalamu hutumia sahani yake. Shule yoyote ya pwani, au ya ukingo wa ziwa, yaweza kuitengeneza.

Kata bati la mviringo lenye upana wa sentimeta 30, ulipake rangi nyeupe isiyong'aa. Toboa katikati, pitisha kamba isiyonyooka ikivutwa, na chini yake funga jiwe zito. Piga fundo katika kamba kila nusu meta. Nenda na mashua, pamoja na mtu mzima ajuaye bahari, karibu na saa sita ya mchana, mahali pasipo karibu na mto. Shusha sahani upande wa kivuli cha chombo, polepole, mpaka isionekane, shika fundo. Vuta mpaka ionekane tena, shika fundo. Nusu ya jumla ya vina hivyo viwili ndicho kipimo chako. Andika katika daftari tarehe, saa, jina la upepo, rangi ya maji, na kama mvua imenyesha juma lile. Rudi mahali pale pale baada ya majuma mawili, na tena, kaskazi na kusi na maleleji yake. Maji ya buluu yataonyesha kina kirefu. Maji ya malisho, au ya udongo, kina kifupi, na ile safu ya rangi katika daftari ndiyo itakayokuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kamba ikilazwa na mkondo, ongeza uzito wa jiwe kabla ya kuandika neno lolote, maana kamba iliyolala huonyesha kina kirefu kuliko kilichopo.